Safari ya gari kutazama nyota: anza na mwezi, barabara iwe mwisho

Safari nyingi za gari hupangwa kwa ramani ya barabara: tutapita wapi, tutalala wapi, tutafika lini. Ukipanga hivyo safari ya kutazama nyota, unaweza kuendesha kutwa nzima hadi mahali pasipo na taa hata moja, ukafika usiku wa mwezi mpevu, ukaona nyota zilezile chache unazoziona mjini. Safari hii hupangwa kuanzia mwisho. Kwanza tarehe, maana mwezi haubembelezwi. Pili mahali. Barabara inakuja mwisho, na ikiwezekana iwe fupi. Ukishafika, kaa. Wanaohama kila siku huishia kuona lami nyingi kuliko nyota.

Hatua ya 1: Funga tarehe kwa mwezi

Mwezi humaliza awamu zake zote kwa siku 29 na nusu. Ukiwa mpevu huchomoza jua likitua, hukaa angani hadi alfajiri, na mbalamwezi yake hufifisha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota wa galaksi yetu, hata katikati ya jangwa. Ukiwa robo ya kwanza huzama karibu na saa sita usiku, kwa hiyo giza lako ni la nusu ya pili ya usiku. Robo ya mwisho ni kinyume: huchomoza karibu na saa sita usiku, na jioni yote umeachiwa wewe. Baada ya mwezi mpevu, kila siku mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 hivi.

Dirisha lako basi ni kuanzia robo ya mwisho hadi siku tatu au nne baada ya mwezi mwandamo (hapa nina maana siku mwezi usipoonekana kabisa), jumla kama siku 11. Mimi hupendelea kuanza siku nne kabla ya mwandamo kuliko siku ya mwandamo wenyewe. Sababu ni mawingu. Yakikuharibia usiku wa kwanza na wa pili, bado giza liko mbele yako. Aliyeanza siku ya mwandamo, kila usiku anaosubiri mbingu zifunguke, mwezi nao unakua.

Kama lengo ni vimondo, tarehe inakuja imekwisha kuchaguliwa. Mvua ya vimondo iitwayo Perseidi hufikia kilele karibu na tarehe 12 na 13 Agosti, ile ya Geminidi karibu na 13 na 14 Desemba. Lakini tazama mwezi hapo pia. Mwaka 2026 mwandamo unaangukia tarehe 12 Agosti, siku hiyohiyo ya kupatwa kwa jua kutakakoonekana kikamilifu Greenland, Iceland na Hispania, kwa hiyo Perseidi watapata giza safi. Mwaka 2027 mwandamo ni tarehe 2 Agosti, na kilele kitakapofika mwezi utakuwa umekwisha kunenepa na utakaa angani hadi baada ya saa sita usiku. Mvua ileile ya vimondo, safari mbili tofauti kabisa.

Jambo jingine kuhusu tarehe: giza halianzi jua likitua. Giza kamili huanza jua likishuka nyuzi 18 chini ya upeo. Karibu na ikweta hilo huchukua saa moja na robo hivi. Ukienda mbali na ikweta wakati wa kiangazi cha huko, machweo hujivuta mno, na kaskazini ya latitudo ya nyuzi 48 na nusu, katikati ya Juni, jua halishuki kiasi hicho usiku kucha. Mtu anayekwenda Scotland mwezi wa Juni kutazama Njia Nyeupe amechagua mahali pazuri na mwezi mbaya.

Hatua ya 2: Amua unataka kuona nini

Anga haifanani kila mahali. Kitovu cha galaksi yetu, sehemu ya Njia Nyeupe iliyonona kuliko zote, kiko upande wa kundinyota la Mshale, kama nyuzi 29 kusini ya ikweta ya anga, yaani mstari wa ikweta ya dunia ukichorwa angani. Hesabu ni nyepesi: chukua tofauti kati ya latitudo yako na nyuzi 29 kusini, itoe kwenye 90, na hapo ndipo kitovu kitakapofika kikiwa juu kabisa. Ukiwa kwenye ikweta kinapanda hadi nyuzi 61. Ukiwa London ni nyuzi 9 na nusu tu, yaani kimezama kwenye ukungu wa upeo. Ukiwa nyuzi 29 kusini kinapita juu ya utosi wako. Ndiyo maana watu hufunga safari hadi Namibia, kaskazini mwa Chile na nyanda kavu za Afrika Kusini.

Msimu nao una kauli. Juni hadi Agosti kitovu kiko juu tangu jioni na hukaa karibu usiku mzima. Machi na Aprili kinapatikana kwa wanaoamka kabla ya alfajiri. Desemba jua lenyewe liko upande huo, usikitafute. Badala yake Desemba hadi Februari kuna kundinyota la Jabari (Orion) na zile nyota zake tatu za mstari mmoja, kuna Kilimia, kuna Shira na Suheli, nyota mbili zinazoongoza kwa kung'aa angani usiku. Ukiwa kusini ya ikweta kuna pia Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo zilizo umbali wa miaka ya nuru kama 160,000 na 200,000, ambazo mgeni huyaona na kudhani ni vipande vya wingu vilivyokataa kuondoka.

Chagua kimoja cha hivyo kiwe sababu ya safari. Vingine vitajileta vyenyewe.

Hatua ya 3: Tafuta giza kwenye ramani, kisha uliza kuhusu taa moja

Mwaka 2001 mtazama nyota John Bortle alichapisha katika jarida la Sky & Telescope kipimo cha giza chenye daraja 1 hadi 9. Tisa ni katikati ya jiji. Moja ni mahali ambapo Njia Nyeupe upande wa makundinyota ya Nge na Mshale huweza kuangusha kivuli hafifu ardhini. Ramani za uchafuzi wa nuru zilizoko mtandaoni hutumia rangi kuonyesha kiwango hicho, nyeusi na kijivu zikiwa sehemu zenye giza zaidi. Kwa safari ya maana, lenga daraja 3 au chini yake. Ukitoka daraja 2 kwenda 1 faida ni ndogo kuliko taabu ya kilomita za ziada. Ukitoka 5 kwenda 3 utadhani umebadilishiwa dunia. Na usishangae ukikuta mji wako umepakwa nyekundu au nyeupe: utafiti uliotolewa mwaka 2016 pamoja na ramani mpya ya dunia ulionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuona Njia Nyeupe wanapoishi.

Ramani hizo zina upofu wake. Nyingi hutegemea picha za satelaiti ambazo kifaa chake hakioni vizuri nuru ya buluu, na taa za LED nyeupe zimejaa buluu. Mji uliobadilisha taa zake karibuni huweza kuonekana umefifia kwenye ramani huku angani ukiwaka kuliko zamani.

Kuhusu umbali, kuna kanuni ya mwanasayansi wa nyota Merle Walker ya miaka ya 1970: mng'ao wa mji angani hupungua haraka zaidi kuliko umbali unavyoongezeka. Ukitoka kilomita 20 hadi kilomita 40 kutoka mji uleule, mng'ao hushuka chini ya moja ya tano. Kwa hiyo si lazima uende mwisho wa dunia. Mara nyingi nusu saa zaidi ya kuendesha ndiyo inayoleta tofauti. Muhimu zaidi ni upande. Ikiwa unataka kutazama kusini, mji ulio karibu uwe kaskazini yako, mgongoni. Wengi husahau hili, wakapata mahali penye giza la kutosha halafu wakakaa wakiutazama mng'ao wa mji.

Kuna pia maeneo yenye hati. Shirika la DarkSky International lilianza mpango wa kutambua maeneo ya anga yenye giza mwaka 2001, mji wa Flagstaff huko Arizona ukiwa wa kwanza. Natural Bridges katika jimbo la Utah ilikuwa hifadhi ya kwanza ya aina yake mwaka 2007, Mont-Mégantic huko Québec ikafuata mwaka huohuo, na mwaka 2012 zikaja NamibRand ya Namibia na Aoraki Mackenzie ya New Zealand. Kisiwa cha La Palma kinalindwa na sheria ya Hispania ya mwaka 1988 inayodhibiti taa kwa ajili ya vituo vya unajimu. Hati ni dhamana nzuri, hasa kwa sababu wenyeji wa huko wanaelewa unachotaka na hawatakushangaa ukikaa nje saa nane usiku. Lakini sehemu kubwa ya giza duniani haina hati yoyote.

Sasa ile taa moja. Adui mkubwa wa mtazama nyota si jiji lililo kilomita 80. Ni balbu ya usalama iliyofungwa ukutani mwa nyumba ya wageni, inayowaka tangu jua kutua hadi asubuhi. Ramani haiijui. Piga simu kabla ya kulipa na uulize maswali ya moja kwa moja: taa za nje zinazimwa saa ngapi? Naweza kuizima iliyo mlangoni kwangu? Kuna mahali pa kukaa ambapo hakuna taa inayoonekana? Nikitembea usiku nitakutana na mlinzi, mbwa au mnyama? Mwenyeji akijibu “taa zetu ni chache tu, nzuri sana,” tafuta pengine.

Hatua ya 4: Hewa, mwinuko na mawingu

Msimu wa ukame ni bora, lakini angalia mwisho wake: vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa hula nyota za chini karibu kama mawingu. Siku chache baada ya mvua kubwa hewa huwa imeoshwa, na hizo ndizo usiku za kukimbilia.

Utabiri wa mawingu uamini kwa siku mbili tatu, si zaidi. Usisome tu alama ya jua au wingu. Tafuta utabiri unaotenganisha mawingu ya chini, ya kati na ya juu. Yale ya juu, membamba kama utando, mchana huyaoni hata ukitazama, na usiku yanafuta kila kitu kilicho hafifu.

Mwinuko husaidia kwa sababu hewa iliyo juu yako ni kidogo na kavu. Ila joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu za selsiasi kila unapopanda mita 1,000, na ukipanda sana oksijeni hupungua hadi macho yenyewe yanaona vibaya gizani. Uwanda wa juu wa wastani unatosha.

Hatua ya 5: Chora njia fupi

Hapa ndipo barabara inaingia. Ushauri wangu ni vituo viwili, usiku tatu kila kimoja. Usiku wa kwanza unajifunza mahali, wa pili unafurahia, wa tatu ni akiba ya mawingu. Vituo hivyo viwe umbali wa kutosha kiasi kwamba hali ya hewa ya kimoja isiwe lazima ya kingine, lakini usizidi saa nne za kuendesha kwa siku, maana unaendesha ukiwa na deni la usingizi.

Usiendeshe usiku mashambani. Wanyama huvuka, mashimo hayaonekani, na ukifika kwa taa kali macho yako hayafai kwa nusu saa. Panga kila siku ufike saa moja hadi mbili kabla ya jua kutua.

Mengine ni ya safari yoyote ya mbali na nitayapitia haraka. Jaza mafuta ukifika nusu ya tanki, si robo. Hakikisha tairi ya akiba ina upepo na jeki inafika chini ya gari likiwa limepakia. Pakua ramani za matumizi bila mtandao, na uandike kwenye karatasi majina ya makutano ya njia. Mwachie mtu ratiba yako na saa ya mwisho ambayo asiposikia kutoka kwako aanze kuuliza. Ardhi ya mtu omba ruhusa, na kwenye hifadhi uliza geti linafungwa saa ngapi. Nyingi hufunga jua linapotua, na kubembeleza mlinzi saa tatu usiku hakujawahi kuwa burudani.

Hatua ya 6: Lifundishe gari kukaa gizani

Hili ndilo watu hulipuuza, na ndilo huharibu usiku mwingi kuliko mawingu. Gari la kisasa ni mashine ya kuwasha taa. Ukifungua mlango, taa ya ndani inawaka. Ukifungua buti, nyingine. Ukibonyeza rimoti, indiketa zinapepesa pande zote. Ukiweka mguu kwenye breki wakati unatafuta kitu kitini, taa za nyuma zinamwaga mwanga mwekundu mkali hadi mita hamsini. Ukiwasha injini, taa za mchana za mbele zinajiwasha bila kuombwa.

Fanya jaribio nyumbani, usiku, kabla ya safari. Lizunguke gari, fungua kila mlango, uone nini kinawaka. Taa za ndani nyingi zina kitufe cha kuzima kabisa. Zisizo na kitufe zifunike kwa selofani nyekundu mikunjo mitatu au minne, ukiibana kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme. Tepu hiyohiyo inafunika vitaa vidogo vya chaja, kamera ya dashibodi na redio. Vitaa hivyo mchana huvioni. Saa saba usiku vinakuchoma macho.

Ukifika uwanjani, egesha gari likiwa limeelekea njia ya kutokea ili usihitaji kurudi nyuma. Toa kila kitu nje kabla ya giza: viti, mablanketi, maji, darubini, koti la ziada ambalo una hakika hutalihitaji. Kisha acha milango kama ilivyo. Kama uko na watu wengine, sema kwa sauti kabla ya kuwasha chochote: “Taa!” Wape muda wafumbe macho. Ni adabu ya kwanza ya uwanja wa nyota popote utakapokwenda.

Na betri: usichaji simu usiku kucha injini ikiwa imezimwa. Kifaa kidogo cha kustua betri kina thamani kuliko darubini utakapokuwa kilomita 60 kutoka kwa gari jingine.

Hatua ya 7: Beba vichache

Wanaoanza hufikiri safari hii inataka darubini kubwa. Haitaki. Darubini kubwa inataka meza, usawa, umeme na mtu mvumilivu, na katika anga lenye giza halisi uzuri mwingi ni mpana mno kuingia ndani yake. Darubini ya mkononi ya macho mawili inatosha. Namba zake zisome hivi: 10x50 inakuza mara 10 na lenzi ya mbele ina milimita 50. Gawanya 50 kwa 10 upate 5, huo ni upana wa mwale unaoingia jichoni. Mboni ya kijana hupanuka hadi milimita 7 gizani, ya mtu mzima wa umri huwa karibu na 5, kwa hiyo 7x50 kwa mwenye miaka hamsini inamwaga nuru nje ya jicho. Zaidi ya mara 10 mikono hutetemeka hadi nyota zinacheza.

Kiti kinachoinama ni kifaa cha pili kwa umuhimu. Ukisimama shingo imekunjwa unachoka baada ya dakika kumi; ukilala na viwiko vimeegemea, darubini inatulia na unaanza kuona.

Taa ya kichwani iwe nyekundu na dhaifu. Nyekundu kali bado ni kali. Simu iwekee kichujio chekundu kwenye mipangilio na ushushe mwangaza hadi mwisho, na programu ya ramani ya anga kama Stellarium ipakue kabla hujatoka kwenye mtandao. Nguo beba za baridi kuliko utabiri unavyosema: usiku usio na mawingu ardhi hupoteza joto moja kwa moja angani, na wewe umekaa tu, hutembei. Miguu ndiyo hulalamika kwanza. Viatu viwe vya kufunika, kwa baridi na kwa vinavyotambaa.

Wapiga picha nitawapa aya moja. Tripodi, lenzi pana iliyofunguliwa hadi f/2.8 hivi, ISO 3200, na muda usiozidi 500 ukigawanya kwa urefu wa lenzi: lenzi ya milimita 20 inapata sekunde 25 kabla nyota hazijawa mistari, na kamera zenye pikseli nyingi zinataka pungufu ya hapo. Lenga fokasi kwa kukuza nyota angavu kwenye kioo. Kisha fika pembeni, mbali na wengine, maana kioo cha kamera ni taa.

Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Ukiwa umefika mapema, tembea uwanja mzima kwa nuru ya jua. Tafuta mashimo, miiba, waya wa uzio ulio kimo cha goti. Jua kusini ni wapi na mti gani uko upande huo.

Jua likizama, geuka. Watu wote hutazama magharibi, lakini mashariki kuna ukanda wa bluu ya kijivu unaopanda kutoka upeoni, na juu yake utepe wa waridi. Ule wa kijivu ni kivuli cha dunia yenyewe. Hupanda kwa dakika kumi na tano hivi kisha huyeyuka kwenye usiku.

Kuanzia hapo, hakuna taa nyeupe. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mmweko mmoja wa simu hurudisha saa nyuma. Kitu hafifu usikitazame moja kwa moja. Elekeza jicho pembeni kidogo, kitajitokeza. Seli za jicho zinazoona gizani ziko pembeni mwa kitovu cha retina, ndiyo sababu.

Pima giza lako bila kifaa. Hesabu nyota za Kilimia: sita ni kawaida, tisa au kumi ni anga bora na macho mazuri. Tazama kama Njia Nyeupe imepasuliwa katikati na mtaro mweusi wa vumbi. Na likipita wingu, angalia rangi yake. Mjini wingu la usiku ni jeupe au la chungwa kwa sababu taa zinalipiga kutoka chini. Mahali penye giza halisi wingu ni jeusi kuliko anga, tundu linalotembea na kumeza nyota.

Ukianza kutazama kwa darubini, anzia magharibi, maana vilivyo huko vinazama kwanza, mashariki kutangoja. Pitisha taratibu kati ya Nge na Mshale, hapo kila upana wa darubini una fundo la nyota au doa la gesi. Msimu wa Jabari, sogea kusini ya zile nyota tatu ukaone nebula yake, wingu la gesi na vumbi, umbali wa miaka ya nuru kama 1,300. Kusini, karibu na kundinyota la Salibu, tafuta Omega Centauri, ambayo kwa macho ni nyota yenye ukungu na kwa darubini ni mpira wa mamilioni ya jua. Kaskazini, galaksi ya Andromeda huonekana bila kifaa, nayo iko miaka ya nuru milioni 2.5 kutoka hapo ulipokaa.

Satelaiti zitakatiza, hasa saa mbili za kwanza na za mwisho za usiku, zikiwa bado zinapigwa na jua juu huko. Karibu na saa sita usiku hupungua sana, isipokuwa uko latitudo za mbali wakati wa kiangazi.

Hatua ya 9: Kulala, mawingu na kuondoka

Usikeshe kila siku. Ugawe usiku: kaa tangu giza hadi saa tano au sita, lala, amka saa tisa kama kuna kitu cha alfajiri unachokitaka. Usiku wa mwisho kabla ya safari ndefu, dereva alale mapema hata kama anga ni safi. Achaguliwe mchana, kabla uzuri wa anga haujamshawishi.

Mawingu yakitanda, usikimbilie gari. Lala umevaa, weka kengele ya kila baada ya saa mbili, toa kichwa nje utazame. Anga hufunguka saa nane ilhali walioondoka saa nne wako njiani na wipa zao. Yakitanda usiku mbili mfululizo na utabiri wa kituo cha pili ni mzuri, hapo hama, mchana.

Asubuhi ya kuondoka kusanya vitu kwa nuru ya jua, si kwa tochi. Hesabu vifuniko vya lenzi na vigingi vya hema. Darubini iliyolowa umande iache wazi ikauke kabla ya kuifungia mkobani, la sivyo ukungu huota ndani ya lenzi. Bandua tepu kwenye taa za gari, zote, na uangalie breki na indiketa zinawaka kabla ya kurudi barabarani.